Bolti ya Nne

Baba hakupenda kusaidiwa. Kwa hiyo siku aliponiita kwenye banda la zamani la kukaushia tumbaku, akavuta turubai na kunionyesha pikipiki yake, nilijua jambo limemfika shingoni.

Pikipiki ile ilitengenezwa Uingereza, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Aliinunua alipokuwa akiwafundisha wakulima kilimo cha tumbaku, na kwa miaka mingi mlio wake ulijulikana vijijini kwetu Arua, kuanzia Pajulu hadi Manibe. Kisha akaanguka kutoka kwenye paa la banda hilohilo, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu siku hiyo akawa mtu wa fimbo. Pikipiki ikasukumwa ndani. Masika manne yalipita juu yake. Nilipoigusa, kutu ilibaki kwenye vidole vyangu kama unga wa pilipili.

"Shangazi yako hainuki tena," alisema. "Ananiita."

Shangazi, dada yake mkubwa, aliishi Dranya, mbele ya Koboko. Lori lingeweza kumfikisha baba Koboko mjini. Kutoka hapo hadi kwa shangazi ilikuwa njia nyembamba inayokatiza mashamba ya mihogo, gari halipiti, na mguu wake haukumfikisha hata kanisani. Baiskeli tulikwisha kuijaribu: alipanda nyuma akiwa baba yangu, akashuka baada ya kilima kimoja akiwa mzee, jasho linamtoka, midomo imekuwa ya kijivu. Kiti cha pikipiki kilikuwa na springi na mahali pa kuwekea miguu. Kilikuwa tumaini lake lote.

Injini haikuzunguka hata nilipoikanyagia pedali kwa uzito wangu wote. Baba alisema valvu imenata, na hakuna njia ya kuifikia ila kuinua kichwa cha silinda. Kichwa hicho kilishikiliwa na bolti nne, nazo zilikuwa zimeganda kana kwamba aliyezifunga alikula kiapo zisifunguliwe tena.

"Mwenye kufungua ndiye dereva," baba akasema, akaondoka akichechemea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi likizo kutoka chuoni Kampala. Nilikuwa nimeandika hadithi moja iliyochapishwa katika gazeti la wanafunzi, na kwa wiki mbili gazeti hilo lilikaa kwenye mkoba wangu likingoja baba aniulize linahusu nini. Hakuuliza. Basi niliposikia neno lile, dereva, nilijiona tayari niko mbele, yeye nyuma, mikono yake imenishika kiunoni kwenye barabara yote ya kwenda Koboko.

Kwetu mafuta ya ufuta ni dawa ya kila kitu. Mtoto akizaliwa anapakwa. Goti la mzee linasuguliwa kwayo, bawaba ya mlango inatiwa, hata msumeno. Miaka ile hapakuwa na mafuta ya kulegeza kutu madukani, na mafuta ya taa tulikuwa tukiyapata kwa bahati tu. Lakini ufuta tulikuwa nao. Kila asubuhi nilidondoshea kila bolti matone kumi, kwa uangalifu wa nesi, na kila jioni nilitia spana na kuvuta. Bolti hazikusogea. Nikaongeza matone. Chini ya bati la banda joto la mchana lilikuwa la kuoka mkate, na mafuta yangu yalikauka yakawa ya rangi ya asali. Niliona uzuri katika rangi ile. Nilidhani ni dalili ya kupona.

Wiki ya tatu dada yangu akaja na mumewe.

Huyu shemeji yangu alitoka ng'ambo, Kongo, na alikuwa na meza ya vipuri vya baiskeli katika soko la Arua. Walikuwa wameoana mwaka mmoja. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa huko kwao, akitunza mashine. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye viganja vipana. Kwa kuwa hakujua lugha yetu, alipokuwapo yeye nyumba nzima iligeuka kuongea Kiswahili, kile cha barabarani ambacho baba alikiokota kwenye mizani za tumbaku. Hilo nalo liliniuma. Mtu mmoja anaingia, na baba anabadilisha ulimi.

Alipelekwa bandani. Akachuchumaa, akakwangua bolti ya kwanza kwa ukucha, akanusa ukucha ule.

"Nani alipika hapa?" akauliza.

Nilisukuma chupa ya ufuta kwa kisigino, nyuma ya gurudumu.

"Shemeji, ile mafuta ya kula ikipata moto inakuwa gundi. Umekaanga hii buloni, hii bolti yenu. Inabaki tu kitunguu."

Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Na kutoka mlangoni, kwenye kigoda chake, nilimsikia baba. Baba alikuwa anacheka pia. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu aanguke. Kilikuwa kicheko cha mtu mwenye mwili mzima, na hakikutolewa kwa ajili yangu. Kilitolewa juu yangu, kikapewa mwingine.

Tangu saa ile wivu uliingia ndani yangu, nao haukutoka.

Shemeji alitoboa kopo, akatia makaa, akalaza humo kipande cha nondo mpaka ncha yake ikawa nyekundu. Aliiweka ncha juu ya kichwa cha bolti, akahesabu kimyakimya, kisha akaigusisha nta ya nyuki pale bolti inapoingia kwenye chuma. Nta ikayeyuka na kuzama. Sijui nieleze vipi. Haikumwagika pembeni kama mafuta yangu. Ilinyonywa, kana kwamba chuma kilikuwa na kiu ya miaka minne na hakuna aliyewahi kukiuliza. Aliacha ipoe. Akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo, gonga ndogondogo. Halafu akatia spana, na badala ya kulegeza, akakaza.

"Unakosea upande," nikasema, na furaha yangu ilikuwa mbaya.

"Hapana, shemeji. Mutu akilala, ukimuvuta mukono atakasirika. Unamusukuma kwanza kidogo, aamuke. Halafu ndiyo unamuvuta."

Akakaza kama upana wa unywele. Akalegeza kama upana wa unywele. Akakaza tena. Mara bolti ikatoa sauti, kri, nyembamba kama mlio wa panya, na baba akapiga fimbo yake chini.

"Eee! Umesikia? Imelia!"

Nilipomletea baba barua ya kukubaliwa chuoni alisema, "Vizuri," kisha akauliza kama njiani nimeona chumvi ikiuzwa.

Siku zilizofuata zilikuwa zao wawili. Desturi yetu inamtaka mkwe awe na haya. Shemeji hakula mbele ya baba, hakukalia kiti mbele yake, hakumtazama usoni wala hakumkaribia. Mama alipopita uani, shemeji aligeukia ukuta mpaka hatua zake ziishe. Chakula chake kilipelekwa na dada, kimefunikwa. Kazini baba alikaa mlangoni na shemeji aliinama ndani, mgongo umeelekezwa kwake, hatua kumi katikati. Na juu ya hatua zile kumi maneno yao yalipita na kurudi bila kuchoka. Baba alimweleza jinsi alivyovuka mto Enyau umefurika, pikipiki begani mwa wanaume wanne. Mimi sikuijua habari hiyo. Nilikuwa mtoto wake wa kiume, mwandishi wa hadithi, na hadithi nzuri kuliko zote za nyumba yetu ilikuwa inasimuliwa kwa mgongo wa mgeni.

"Shika, jaribu," shemeji aliniambia katika bolti ya pili, akininyooshea spana.

"Nina kazi ya kuandika," nikasema.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko na daftari langu, na sikuandika kitu. Dada yangu alikuwa akipepeta ufuta.

"Macho yako yanamla mume wangu," alisema bila kuinua kichwa. "Ukimmaliza uniambie, nitafute mwingine."

"Mumeo namfanya nini?"

"Kama humfanyi kitu, mbona umenuna kama mke mwenza?"

Kufikia Jumamosi bolti tatu zilikuwa zimetoka, zimelazwa juu ya gunia kwa mpangilio. Ilibaki ya nne, ile iliyo jirani na bomba la moshi, ambako mafuta yangu ya ufuta yalikuwa yameganda kuliko kote. Shemeji aliipa moto na nta mara tatu. Akaijaribu kidogo, akasimama.

"Hii tuiache ilale mpaka Jumatatu. Mutu asiiguse. Iko karibu kukasirika."

Jumapili mama, dada na shemeji walikwenda kanisani. Baba alisinzia barazani, redio ikiongea peke yake. Niliingia bandani. Nilijiambia naenda kuangalia tu.

Mpaka leo nakumbuka uzito wa spana ile, na bomba la chuma nililolivika kwenye mpini wake ili nipate nguvu. Sikuigonga bolti. Sikukaza kwanza. Sikutaka kuiamsha kwa njia yake yeye. Nilitaka ifunguke kwa njia yangu, na baba aamke, nimwambie, imetoka. Nikaegemea bomba. Bolti ikakataa. Nikaegemea kwa kifua. Kisha, Mungu wangu, ikaanza kusogea. Ilisogea laini, tamu, kama muwa unavyozunguka mkononi kabla ya kukatika, na moyo wangu ulijaa furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku jina langu lilipochapishwa. Ilinichukua muda mfupi sana kuelewa. Bolti inayofunguka hulia. Hii ilikuwa kimya. Ilikuwa haifunguki, ilikuwa inanyongwa.

Ikasema, tap. Kichwa kikabaki ndani ya spana.

Nilikitazama. Mahali kilipokatika palikuwa pa kijivu, chembechembe, kama sukari iliyolowa. Barazani redio ilikuwa bado inaongea. Nilichukua kipande cha nta ya shemeji, nikakibonyeza chini ya kichwa kile, nikakirudisha mahali pake, nikakipangusa. Ukitazama kutoka mlangoni, bolti ilikuwa nzima.

Jumatatu asubuhi baba alikaa kwenye kigoda mapema. Shemeji akawasha makaa, akagonga, akatia spana, akakaza ule upana wake wa unywele. Spana ikazunguka bure. Kichwa cha bolti kikaanguka sakafuni, kikabingirika mpaka kwenye ncha ya fimbo ya baba.

Baba akakisukuma kwa fimbo, kikarudi. Shemeji alikiokota, akakigeuza juu. Aliona nta, mahali ambapo nta haiwezi kufika kwa njia ya kawaida. Aliona mpasuko ambao haukuwa wa asubuhi ile. Akainua macho, akanitazama mimi, kwa muda mfupi tu. Halafu akayashusha, akaongea na sakafu.

"Ni makosa yangu, baba mukwe. Nilivuta mbaya."

Mkwe hamsemi mtoto wa nyumba mbele ya baba wa nyumba. Nilikijua kitu hicho, nami nilikitegemea tangu jana yake. Nilisimama pale nikingoja baba akasirike. Nilingoja kicheko chote cha wiki ile kigeuke kuwa fimbo.

Baba aliilaza fimbo magotini.

"Mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya chini sana, "chuma nayo inachoka. Hata mimi nilikata mingi. Usitie moyoni."

Mwanangu. Sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kinywani mwake kwa miaka. Mimi alikuwa akiniita "wewe msomi". Na msamaha ule! Ulikuwa laini, wa bure, na ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeutendea kosa. Shemeji alikuwa amenichukulia kicheko, hadithi za mto, na lugha ya nyumbani, na sasa alikuwa anachukua hata msamaha wa kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Ningependa kuandika hapa kwamba dhamiri ilinisukuma. Haikuwa dhamiri.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Mimi ndiye niliyeikata!"

Baba aligeuka polepole.

"Lini?"

"Jana. Walipokuwa kanisani."

"Na ukairudishia kichwa yake, kama kofia."

"Ndiyo."

"Sababu gani?"

Nilimjibu kwa lugha yetu, ili shemeji asisikie. Nilisema, kwa sababu unampenda yeye kuliko mimi. Nilipolisikia jibu langu likiwa nje ya kinywa, lilikuwa la mtoto wa miaka mitano.

Baba akalitafsiri. Kwa makusudi kabisa, kwa Kiswahili kile cha kwenye mizani, akamwambia shemeji: "Anasema mimi napenda wewe kuliko yeye."

Shemeji aligeukia ukuta, kama vile mama alikuwa amepita.

"Sawa," baba akasema na kusimama. "Yeye alikata, yeye atatoa. Wewe utamwambia kwa mudomo. Mukono yako isiguse."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kichwa cha silinda kiliinuliwa, na chini yake tukaona kisiki cha bolti kimekaa sawasawa na uso wa chuma, hakina hata sehemu ya kushika. Shemeji alinitengenezea patasi ndogo kutokana na tupa kuukuu, akanikabidhi, akachuchumaa nyuma yangu mikono kwapani. Moto. Nta. Kisha patasi kwenye ukingo wa kisiki, imeinamishwa upande wa kufungulia, na nyundo, gonga ndogondogo. Nilipogonga kwa hasira aliniambia, "Anza tena." Nilipogonga kwa haraka aliniambia, "Anza tena." Siku ya kwanza kisiki hakikusogea. Siku ya pili nililia kidogo, akajifanya anachochea makaa. Baba hakuja mlangoni siku hizo mbili.

Siku ya tatu, bila mimi kuuliza, shemeji akasema:

"Mimi naonaga wewe wivu."

"Wewe? Mimi?"

"Unakulaga na yeye sahani moja. Jana nilikuona, ulichukua nyama mbele yake, na yeye akakusukumia ingine. Mimi baba yangu alikufa nikiwa mudogo. Nikapata huyu, na huyu nitakufa sijakula na yeye hata ndizi."

Ukweli ni kwamba sikumwonea huruma. Nilifurahi. Nilifurahi kuwa na kitu asicho nacho. Nikagonga tena, na kisiki kikalia, kri, kikasogea upana wa unywele. Tulisikia sote wawili. Hakunipongeza. Alisema tu, "Sasa rudisha nyuma, kaza kidogo," nami nikafanya hivyo.

Bolti ya badala ilitoka kwenye mashine mbovu ya kusaga pale sokoni. Valvu ilinasuliwa, ikasuguliwa kwa majivu. Alhamisi saa nne asubuhi injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikakamata. Mama alitoka jikoni mbio, akamkuta mkwewe uso kwa uso, wote wawili wakageuka na kukimbilia pande tofauti.

Baba alikuja amevaa koti lake la kazini. Nilishika usukani, nikausogeza kuelekea kwa shemeji. Mwenye kufungua ndiye dereva, na alizofungua yeye ni tatu. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima kwa kitendo kile, kwa jinsi kingenichoma na jinsi nitakavyosimama wima.

Shemeji alinitazama kana kwamba nimemvulia nguo.

"Baba mukwe anishike kiuno? Safari yote? Shemeji, Kampala walikufundisha nini?"

Dada yangu aliketi chini kwa kicheko. Hata baba alifunika mdomo. Nilikuwa peke yangu katika uwanja ule nisiyejua jambo ambalo kila mtu alilijua tangu siku ya kwanza. Hapakuwahi kuwa na mashindano. Shemeji alikuwa amechoma vidole wiki mbili kwa ajili ya safari ambayo asingeweza kuendesha, na alikuwa akijua tangu alipoinusa bolti ya kwanza.

Tuliondoka. Vumbi la barabara ya Koboko ni jekundu na lina ladha ya damu. Mikono ya baba ilikuwa kiunoni mwangu, kama nilivyoiota, na kila tulipoingia shimoni ilinibana. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu. Aliongea muda wote. Aliongea habari za shemeji: jinsi anavyohesabu kimyakimya, jinsi ambavyo hapotezi nta. Niliendesha nikisikiliza. Hatukuvunjika popote, na hilo pia lilikuwa sifa yake.

Dranya tulifika jua likiwa bado juu. Baba alishuka, akaingia akijivuta kwenye nyumba ya shangazi, nami nikabaki nje, nimeegemea ukuta. Ndani nilisikia kilio kifupi, kisha sauti ya shangazi, nyembamba, ikimuuliza amekujaje.

Baba akaanza kumsimulia. Kwa lugha yetu, taratibu, bila kuruka kitu. Alimweleza juu ya kijana anayeamka kabla ya kuku kwenda kuzitia bolti mafuta. Anazipangusa kwa shati lake mwenyewe. Anaziinamia na kuongea nazo kwa Kiingereza, kwa adabu sana, akiziomba zifunguke. Shangazi akacheka, akakohoa, akamwomba arudie hapo pa Kiingereza. Baba akarudia, akaiga na sauti yangu. Alikuwa ameniona. Kila asubuhi, kutoka barazani, alikuwa amekaa ananitazama, na hakusahau hata jinsi nilivyoinamisha shingo.

Akafika kwenye Jumapili. Nikasogea karibu na dirisha. Aliishusha sauti pale palipohitaji kushushwa, akanyamaza kabla ya ile tap, akamwacha shangazi angoje. Nami nikiwa pale nje, mdomo wazi, nikamwonea baba wivu, kwa sababu sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja uliosikika vile.